Masikio Manne ya Mzee Kochi

Shemeji yangu hajui kunong'ona. Akikwambia siri, jirani wa nyumba ya tatu anaitika. Si ujeuri wala kiburi. Sauti yake mwenyewe haimfikii, kwa hiyo anaitupa kwa nguvu akitumaini itafika mahali. Mtaani wanamwita Mzee Kochi kwa sababu ya kazi yake ya kuvalisha makochi upya, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomla masikio. Amezeekea kwenye chumba kimoja na kompresa ya upepo, nyundo, na bunduki ya stepo, ile ya kupigilia kitambaa kwa pini, inayolia pembeni mwa shavu. Marehemu dada yangu, mkewe, alimwambia avae vizibo vya masikio mpaka akachoka. Mzee alisema vizibo vinamwasha.

Mimi nakaa chumba cha uani katika nyumba hiyo hiyo, na kazi yangu ni kupokea simu hospitalini. Nimelipwa maisha yangu yote kwa ajili ya kusikia. Mtu akipiga na kusema hana shida kubwa, mimi naijua pumzi yake inasema nini, na namuunganisha na daktari kabla hajamaliza uongo wake. Sasa mweke mtu kama mimi nyumba moja na mtu ambaye unaweza kuangusha sufuria nyuma yake asigeuke. Kulikuwa na siku nilitamani kumtupia hiyo sufuria yenyewe.

Kifaa cha masikioni alipewa. Kilikuwa kinapiga mluzi kila akiinama, na kazi ya makochi ni kuinama kutwa. Akakivumilia wiki kadhaa, kisha akakitia kwenye kopo la misumari midogo na hakukitoa tena. Kilichobaki ni macho. Anasoma midomo vizuri kama unamtazama usoni na husemi kama unakimbizwa. Simu yake anaiweka mfuko wa shati, kwenye mtetemo, ule wa kutikisa mbavu. Ikitikisika anaitoa, anasoma ujumbe, anajibu kwa vidole vilivyojaa gundi. Simu isiyotikisika, kwake yeye, ni simu iliyokufa.

Mbwa alikuja ndani ya kochi. Mteja mmoja alileta kochi kuukuu lililokuwa limekaa uani kwake muda mrefu, na Shemeji alipochana kitambaa cha chini akakuta tundu kwenye sponji, na ndani ya tundu mtoto wa mbwa anayeweza kuenea kwenye kofia. Mama yake na wenzake walishahama. Mteja akasema, "Huyo si wangu, mimi nilileta kochi tu." Ni mbwa wa aina ile isiyokua: miguu mifupi, rangi ya chai ya maziwa, na masikio yaliyosimama kama ameazima kwa mbwa mwingine mkubwa zaidi. Akaitwa Sponji.

Mimi na mbwa ni mbalimbali. Nilisimama mlangoni mwa karakana, yaani kile chumba cha mbele kinachotazama barabara, nikasema polepole na kwa mdomo ulio wazi, "Shemeji, huyo mnyama atoke." Akanitazama midomo kwa makini kabisa, mpaka neno la mwisho, halafu akasema, "Sisikii." Akarudi kwenye stepo zake. Tangu hapo nikajua nimeshindwa.

Sponji alianza kwa kubweka kama mbwa wengine. Mteja akigonga, yeye anabweka, na Shemeji anaendelea kupiga nyundo, na mteja anaondoka. Sijui mbwa anafikiri nini, lakini nilimwona mwenyewe siku moja anabweka, ananyamaza, anamtazama mzee mgongo, kisha anakwenda kumwekea miguu ya mbele kwenye goti. Shemeji akashusha macho. Mbwa akakimbilia mlangoni, akageuka, akamtazama. Shemeji akamfuata, akamkuta mteja ameshafika ukingoni mwa barabara, akamwita kwa ile sauti yake mpaka mtaa mzima ukageuka. Kisha akakata kipande cha mkate wake mwenyewe akampa mbwa. Kuanzia siku hiyo hakukosa tena mteja, na wakawa wanagawana mkate kila asubuhi.

Sasa niseme kuhusu mtoto, maana yeye ndiye kiini cha yote.

Binti wa dada yangu, ambaye mimi namwita mwanangu, alifiwa na mumewe kwa ajali ya barabarani kabla mtoto hajazaliwa. Akarudi kwa baba yake na mimba na masanduku mawili. Mtoto akazaliwa mnene, tukamwita Kibonge, na kwa muda nyumba ile ikawa na kicheko ambacho haikuwa nacho tangu dada yangu atutoke. Lakini kiwanda cha mikate alichofanya kazi mwanangu kilimwita arudi likizo yake ya uzazi ikiisha. Zamu yake inaanza alfajiri na kuisha mchana. Mimi nami nakuwa hospitalini saa hizo hizo. Nyumba ya kulelea watoto iliyo karibu haipokei mtoto ambaye hajatembea.

Hapo ndipo shangazi wa mtoto alipokuja. Ni dada wa yule marehemu, mwalimu, anaishi mji mwingine, safari ya saa kadhaa kwa basi. Hajajaliwa kupata mtoto. Alikaa kwenye kochi lisilo na mgongo bado, akashika chai yake kwa mikono miwili, akasema atamchukua Kibonge na kumlea mpaka umri wa shule. Hakusema kwa ubaya. Alisema kaka yake hakuacha kitu kingine duniani isipokuwa huyo mtoto. Mwanangu alikuwa anatazama sakafu. Nilijua atakubali, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na nilijua atakuwa anamwona mtoto wake likizo kwa likizo mpaka mtoto amsahau.

Shemeji alikuwa amemfuata kila mmoja midomo. Akaweka nyundo chini.

"Mtoto atakaa na mimi. Karakana iko hapa, kitanda chake kiko hapo nyuma. Mimi siendi popote."

Shangazi akamgeukia vizuri, akasema taratibu, "Mzee, nakuheshimu sana. Lakini akilia, nani atakwambia?"

"Sponji."

Tulicheka. Hata mwanangu, machozi yakiwa bado usoni, alicheka. Shemeji akasubiri tumalize, kisha akasema, "Mimi ni kiziwi, sijafa. Nipe muda. Kabla likizo ya binti yangu haijaisha, uje uone. Mtoto alie, mimi niwe nimeupa mlango mgongo. Mbwa akinileta, mtoto anabaki. Asiponileta, unamchukua, na mimi mwenyewe nitakubebea mizigo."

Mwanangu akasema, "Baba, usiseme hivyo." Lakini alikuwa ameshasema, na kwa sauti ile, hata watu wa nje walikuwa mashahidi.

Akaanza kazi siku ile ile. Alirekodi kilio cha Kibonge kwenye simu yake, akakifanya kuwa mlio wa kengele ya kuamshia, akaitega. Simu aliiweka chini ya kigodoro cha mtoto, mtoto mwenyewe akiwa uani na mama yake. Kisha anarudi karakana na mbwa, anaketi, anasubiri. Saa ya kengele ikifika, anambeba mbwa mpaka kitandani na kumpa mkate pale pale. Akarudia, akarudia. Mbwa yule ana akili, hilo lazima nikubali. Haikuchukua muda nikawa nikirudi kutoka kazini namkuta amelala kwenye mabaki ya vitambaa, mara anainuka, anamgusa mzee goti, anakimbia ukumbini mpaka kitandani kwa Kibonge na kuketi kama askari wa zamu. Shemeji anamfuata, anampa kipande, anatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Unaona, Shemeji?" ananiambia. "Wewe umesomea simu. Huyu hajasoma."

Kichwa kilimvimba. Akapita mtaani akiwaeleza watu, na muuza duka wa kona akaanza kumpa mbwa salamu kabla ya kumpa yeye.

Kibonge mwenyewe alipolia, kwa kweli, mama yake alikuwa pale pale. Alimdaka kabla kilio hakijafika mlangoni. Kwa hiyo hakuna aliyeona kilichokosekana, hata mimi mwenye masikio yangu ya kulipwa.

Shangazi akaja siku aliyoahidi. Kibonge alikuwa amelala chumba cha nyuma. Tulikaa karakana wote, Shemeji akiwa ameupa mlango wa ukumbi mgongo kama alivyoahidi, akishona mto. Mkoba wa Shangazi ulikuwa juu ya meza ya mbao. Haukupita muda, mtoto akaamka akalia. Kilikuja kilio kizuri, cha wazi, cha mtoto mwenye afya. Sote tulimtazama Sponji.

Sikio moja lilicheza. Akapiga miayo. Akaweka kidevu chake kwenye kipande cha velveti na kufumba macho.

Mtoto akazidi kulia. Mwanangu alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kiti. Shemeji aliinua macho akaona sura zetu, na kwenye sura zetu akasoma kila kitu.

"Analia?" akauliza.

Mwanangu alishainuka na kukimbia ukumbini. Na wakati huo huo, ndani ya mkoba wa Shangazi, simu ikaanza kutetema juu ya ile meza ya mbao. Mbwa akaruka kama amechomwa sindano. Akamgusa Shemeji goti mara mbili, akakimbia mpaka kwenye meza, akaketi mbele ya mkoba wa Shangazi, mgongo umenyooka, akisubiri mkate wake.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyeelewa kwanza, na mimi ndiye niliyelazimika kumwambia. Nilikwenda mbele yake nikasema, "Shemeji, ile simu ulipoiweka kitandani, mtetemo uliuzima?"

Akaitoa mfukoni. Akaibonyeza ilie. Ilipoanza kutikisika kwenye kiganja chake aliitazama muda mrefu. Hakuwahi kuuzima. Isingemjia hata akilini kuuzima. Alikuwa amemfundisha mbwa, kwa uvumilivu na kwa mkate mzuri, kumletea habari za simu iliyo chini ya godoro. Kilio kwa Sponji kilikuwa kelele tu za nyumbani, kama kompresa.

"Amefundishwa vizuri," Shemeji akasema. "Mwalimu ndiye mjinga."

Shangazi hakushangilia, na kwa hilo nilimheshimu. Alimwambia kwamba atarudi mwisho wa likizo kumchukua mtoto, na kwamba mlango wake utakuwa wazi kwa babu wakati wowote. Shemeji akatikisa kichwa kuonyesha amesoma. Kisha akasema, "Njoo na begi la mtoto ukipenda. Lakini likizo haijaisha. Ukija, utaona tena."

Akakubali kwa adabu, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Nilidhani atalala na machungu yake. Mimi nililala na yangu. Lakini kesho yake, nilipoingia uani kutoka kazini na kiatu kimoja bado mguuni, nilimkuta amesimama mlangoni kwangu. Simu yake hakuwa nayo. Alikuwa ameitupa kwenye kopo la misumari, ikafuate kile kifaa cha masikioni.

"Nahitaji masikio," akasema.

"Shemeji, miguu inaniuma tangu asubuhi."

"Sijaomba miguu."

Nikamwambia nina uchovu, nina njaa, na mbwa simpendi. Akanitazama midomo mpaka mwisho, na safari hii hakusema hasikii. Alisema, "Mke wangu angekuwa hai nisingekuja kwako. Dada yako alikuwa na masikio mazuri kuliko yako." Basi nikavua kiatu kilichobaki nikamfuata.

Mpango wake ulikuwa wa kifundi. Alichukua uzi ule mnene wa kushonea makochi, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wake, akaupitisha ukumbini chini ya ukuta mpaka chumba cha mtoto, akanipa mimi ncha. Kibonge akilia, mimi navuta. Yeye akivutwa, anajua mtoto analia kweli kweli, si rekodi. Anampeleka mbwa mpaka kitandani, anampa mkate mtoto akiwa bado analia, ndipo mama anaruhusiwa kumnyanyua. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya mwanangu, ya kukaa bila kukimbia. Siku za kwanza alikuwa ananing'ang'ania bega mpaka kucha zinaniingia.

Tatizo ni kwamba Kibonge alikuwa na tabia nzuri kupita kiasi. Mtoto anashiba, analala, anaamka, anacheza na vidole vyake. Tukawa watu wazima watatu tumekaa tukimwomba mtoto alie. Siku moja Shemeji akasema nilie mimi. Mimi, ambaye wauguzi wananisifu kwa sauti ya heshima, nikaenda nyuma ya mlango nikalia kama mtoto mchanga. Jirani alikuja kuuliza kama nimepata msiba. Sponji naye alikuja, akachungulia, akanitazama kwa huruma, akarudi kulala. Sikurudia tena.

Kwa hiyo tulisubiri vilio vya kweli, na kila kimoja tulikitumia kama kitu adimu. Mwanzoni mbwa alikuwa anapelekwa. Baadaye uzi ukivutwa, Shemeji anakaa tu, anamtazama, na mbwa anajifikirisha, kisha anakumbuka mkate, anainuka na kwenda mwenyewe. Bado hakuwa anamgusa mzee kwanza. Alikuwa anakwenda peke yake na kusubiri kitandani kama mgeni aliyewahi. Shemeji akawa hamfuati mpaka amguse. Mbwa anarudi, anamtazama, anazunguka. Anamgusa. Mkate. Walifanya hivyo mpaka mimi nikawa naota uzi.

Jioni moja nilikuwa nimekaa na ncha yangu mkononi. Kibonge alianza ule mkoromo wa kabla ya kilio. Nikajiweka tayari kuvuta. Kabla kilio chenyewe hakijatoka vizuri, nikasikia kucha ndogo zikikwaruza sakafu ya ukumbi, na nyuma yake viatu vya mzee. Walitokea mlangoni wote wawili, uzi ukiwa umelegea. Sikuwa nimevuta. Shemeji alitazama mkono wangu, akatazama uzi, akatazama mtoto anayelia. Nililia mimi pia, na mimi si mtu wa machozi.

Lakini nisiseme mambo yalinyooka. Kesho yake mbwa alilala huku mtoto akilia, tena mara mbili. Kesho kutwa alikuja vizuri. Siku nyingine akamgusa mzee na mtoto hakuwa analia kabisa. Siku hiyo nilimwona Shemeji akivuta ngozi kwenye kiti cha mteja, mdomo umejaa misumari, gundi imeshapakwa, na hiyo gundi haisubiri mtu. Mbwa akamgusa goti. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamtikisia kichwa kwamba hakuna kitu, nimesikiliza, kimya. Aliachia ngozi. Akatema misumari kiganjani, akamfuata mbwa. Mtoto alikuwa macho tu, anaongea na dari. Aliporudi, gundi ilikuwa imekauka na ngozi imekunjamana vibaya.

"Anakudanganya apate mkate," nikamwambia.

"Labda."

"Na kazi imeharibika."

"Nitaibandua." Akaanza kuibandua. "Siku nikimwambia baadaye, na yeye siku moja ataniambia baadaye. Mimi sina namna ya kumhakiki, Shemeji. Wewe unaweza. Mimi namfuata kila mara au simfuati kabisa."

Nilichukua kisu kingine nikamsaidia kubandua.

Shangazi alirudi siku ya mwisho ya likizo, nami nikaomba ruhusa kazini. Begi la mtoto alikuja nalo, jipya, la buluu, na mwanangu alipoliona alilisukuma karibu na mlango. Tukakaa karakana kama mwanzo. Mlango wa ukumbi tuliuacha wazi. Simu zote tulizizima, hata ya Shangazi, yeye mwenyewe aliizima bila kuombwa. Shemeji akatupa mgongo, akawa anapiga vifungo kwenye mgongo wa kiti, na Sponji amelala miguuni kwake kwenye velveti yake. Kibonge alikuwa amelala chumba cha nyuma, ameshiba.

Tukasubiri. Chai ikapoa. Mtoto hakulia. Shangazi akatazama saa ya ukutani, basi lake lilikuwa la mchana. Tukasubiri tena. Mtoto mwenye tabia nzuri akaendelea na tabia yake.

Mwishowe Shangazi akasema kwa upole, "Sasa tufanyeje? Siwezi kulala hapa."

"Utasubiri," mwanangu akasema. "Ulikubali."

"Nilikubali kuja. Nimekuja."

"Umekuja na begi."

"Baba yako ndiye aliyesema nije nalo."

Mimi nilipaswa kunyamaza. Sijawahi kuweza. Nikasema kwamba mwalimu mzima hawezi kumtahini mtu kwa swali ambalo halijaulizwa. Akaniambia nisimfundishe kazi yake. Nikamwambia mtoto ana mama. Akasema anajua, na kwamba mtoto alikuwa na baba pia, na baba huyo alikuwa kaka yake, na kwamba yeye ndiye aliyemtambua siku ile hospitalini wakati sisi tunapika chai huku. Mwanangu akainuka akasema kwamba asimtumie marehemu kumnyang'anya mtoto. Shangazi naye akainuka. Sote tukawa tumesimama, na kila mmoja alikuwa na haki yake na alitaka isikike kuliko ya mwenzake. Upepo ulibamiza mlango fulani huko ndani na hatukujali. Mwanangu alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja. Nami nilisema maneno ambayo hospitalini yangenifukuzisha kazi.

Shemeji alijaribu kutufuata mwanzoni. Lakini midomo mitatu kwa mpigo hawezi, akakata tamaa, akarudi kwenye vifungo vyake. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiinuka baadaye na kuingia ukumbini. Nikadhani amechoshwa na sisi, amekwenda kunywa maji. Nikaendelea kumkatiza Shangazi.

Aliporudi, alikuwa amembeba Kibonge begani. Sponji alikuwa anamrukia mguu akidai mkate. Tulinyamaza mmoja mmoja. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu na umelowa mpaka shingoni, na kifua kilikuwa kinaruka kwa ile kwikwi ya mtoto aliyelia muda mrefu mpaka amechoka. Alama ya nondo za kitanda ilikuwa imejichora kwenye mkono wake mnene.

Shemeji akaketi kwenye kiti kisicho na vifungo. Akampigapiga mtoto mgongo mpaka kwikwi ikapungua. Akatoa mkate mfukoni akampa mbwa. Kisha akainua macho akatutazama, na niliona kwamba anatuonea huruma.

"Nawashukuru," akasema kwa sauti yake kubwa. "Mlango wa mtoto ulikuwa umejifunga na bado Sponji alikuja kuniita. Lakini nawashukuru ninyi. Najua ni kazi kumsikia mtoto analia hivyo na kukaa bila kumkimbilia. Mmejikaza sana."

Alisubiri, akatutazama midomo mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ndivyo anavyosubiri jibu. Mwanangu aliziba uso. Mimi nilifungua kinywa, mimi ninayelipwa kusikia, na hakikutoka chochote anachoweza kusoma.

Shangazi ndiye aliyesogea. Akapiga magoti mbele ya kiti, uso wake ukiwa sawa na wa Shemeji, akasema polepole, bila kukosea hata neno moja, "Mzee, hatukumsikia. Sisi wote watatu. Hakuna aliyemsikia."

Shemeji alimtazama, akamwomba aseme tena. Shangazi akasema tena. Akaupokea mkono mdogo wa Kibonge uliokuwa unaning'inia, akaupangusa. Begi la buluu lilikuwa bado karibu na mlango na hakuligeukia.

Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya chai, akamega mkate. Sponji alikuwa ameshaketi mbele yake.

"Anapewa mkononi," akauliza, "au anawekewa chini?"

"Mkononi," Shemeji akasema. "Na usimcheleweshe."